Sahani ya Peke Yake

Hadi leo kijiko kikianguka sakafuni nasimama. Hata kama niko katikati ya mshono, hata kama mteja amesimama mbele yangu anapimwa mabega, nasimama kwanza, natazama uani, ndipo naulizwa nimeona nini. Sijaona kitu, ni kijiko tu. Mume wangu husema kwamba siku hizi mgonjwa ni mimi, nami humjibu aanguke tena kidogo tuone mgonjwa ni nani. Si mzaha mzuri, lakini ndio tulio nao.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu iko barazani, katika mojawapo ya nyumba za mistari za Kapata, hapa Kolwezi, ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Baba mkwe aliipata nyumba hiyo akiwa mchimbaji, akazeekea humo, akafia humo. Mjane wake, mama mkwe wangu, alibaki katika chumba cha nyuma, nami nikaletwa kutoka Lubudi kuwa mke wa mwanawe wa mwisho. Mume wangu alikuwa dereva wa boza la maji, lile lori linalomwagia barabara ya kwenda Kingamyambo ili vumbi litulie. Alipenda kujisifu kwamba bila yeye Kolwezi nzima ingekohoa.

Jambo moja la nyumba ile ni lazima lieleweke mapema: mume wangu hali nguruwe. Kanisa lake linakataza, naye alijiunga nalo akiwa kijana. Mama yake alibaki Mkatoliki, na kwa nguruwe alikuwa hasikii la mtu. Alimnunua sokoni, akamkaanga haraka na vitunguu na pilipili, akamwepua akiwa bado na wekundu ndani, kwa kuwa, alisema, nyama ikikaa sana motoni inakuwa kamba. Mimi nilikuwa mwenzake katika ulaji huo, tena sikungoja kukaribishwa. Kwa heshima ya mwanawe alikuwa na sufuria mbili: ya nguruwe, yenye mkono uliofungwa waya, na ya mwanawe, ambayo haikusogezwa hata karibu na ile ya kwanza. Tuliona tumemlinda vya kutosha.

Alianguka Jumapili moja asubuhi akipiga rangi viatu vyake vya kazi. Nilisikia brashi ikidondoka, nikafikiri ananichokoza, maana alikuwa na tabia ya kutupa vitu ili niinue kichwa. Nilipoinua kichwa alikuwa chini, mwili umekakamaa kama ubao, kisha ukaanza kupigapiga saruji. Povu likamtoka. Majirani walikuja mbio, na wote wakasimama mbali, kwa sababu kwetu watu wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate: ukiguswa na povu la mgonjwa, zamu yako inakuja.

“Musimuguse!” mama mkwe alipiga kelele kutoka mlangoni. “Ile mate yake inapitisha ugonjwa! Musimuguse!”

Mimi nilimgusa. Si kwa ujasiri, nilikuwa nimekwisha fika kabla sijafikiri. Nilimlaza ubavu, kichwa chake mapajani mwangu, na povu likaingia kwenye kitambaa cha mteja nilichokuwa nimejifunga kiunoni. Alipotulia alinitazama akauliza nani ameangusha brashi.

Jioni hiyo hiyo mama mkwe alitoa kabatini sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, iliyomeguka rangi upande mmoja, pamoja na kikombe na kijiko. Vikawa vya mwanawe peke yake. Vilikaa juu ya tofali nje ya mlango wa jiko, vikaoshwa mwisho baada ya vyombo vyote, kwa majivu. Mume wangu akala peke yake kwenye kigoda karibu na mlango, sisi wengine tukila mkekani. Binti yetu aliuliza kwa nini baba amekuwa mgeni. Mimi nilitamani kuirusha ile sahani ivuke ukuta hadi kwa jirani.

Kisha akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mfanyabiashara wa vitenge huko Lubumbashi. Katika ukoo ule yeye akisema, wanaume wanaitikia. Tukaitwa sebuleni.

“Mbele ya kuoa, alikuwaka anaanguka?” aliuliza akitazama dari, kana kwamba dari ndiyo iliyoolewa na mdogo wake. “Hapana. Sasa tuulize, ile bintu iliingilia mulango gani?”

Mlango ulikuwa mimi. Hakulitaja neno uchawi, lakini lilikaa pale kwenye kochi pamoja nasi. Uamuzi ulikuwa huu: akianguka tena, mimi narudi kwetu Lubudi kwanza, wao wachunguze, na watoto wanabaki. Ile “kwanza” ninaijua. Wapo wanawake waliorudi kwao kwanza, na mpaka sasa wako huko wanauza karanga stesheni. Mume wangu alisema, “Ya, mais...”, yaani dada, lakini, na hiyo ndiyo hotuba yote aliyonitetea. Nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma.

“Na tokea leo,” mama mkwe akaongeza, “mi njo nitapikia mwana yangu. Ule mwanamuke asiguse nyungu yake.”

Ule mwanamke. Tangu niingie nyumba ile alikuwa akiniita mama, kama tunavyoitana kwa heshima, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa. Siku ile mama ikaisha.

Basi akapika yeye. Mwanawe akiwa mchovu alimmegea bukari, ugali wetu, kwa vidole vyake, akaifinyanga tonge, akaichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akamtia mdomoni kama anamlisha mtoto. Nami nikawa kiguu na njia. Nilishona mikono ya mashati nje-ndani. Nilikwenda barabarani kutazama kama boza linarudi, nikarudi, nikaenda tena. Kazini hakuwa amemwambia mtu, na hilo lilininyima raha kuliko hata maneno ya wifi. Nilimwona kichwani akiwa amekamata usukani, lori limejaa maji, watoto wa shule wanavuka.

“Nikisema, banafukuza mi ku kazi,” aliniambia. “Tutakula nini? Bitambaa yako?”

“Tutakula bitambaa,” nilimjibu. “Lakini mutoto ya muntu hatakufa chini ya pneu ya lori yako.”

Tuligombana mpaka jirani akaongeza sauti ya redio. Mwisho alikubali kitu kimoja tu, kumwona daktari mjini, halafu ndipo angeamua habari ya kazi.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu iliyotafunwa. Aliuliza kama aliwahi kuumia kichwa, kama kwao kuna wenye kifafa, kilianza akiwa na umri gani. Kisha akauliza kama nyumbani tunakula nguruwe. Mume wangu alicheka kwa fahari, akasema yeye tangu ujana hajaonja. Daktari hakucheka. Alimpa vidonge vya kuzuia degedege, akamkataza kabisa kuendesha chochote, hata baiskeli, akatutuma Lubumbashi kupigwa picha ya ubongo. Njiani kurudi mume wangu alikwenda mwenyewe kazini akasema. Sikuomba. Nilimngoja nje ya geti nikihesabu moshi wa malori, na alipotoka funguo za boza hazikuwa mkononi mwake. Wakampa kazi ya kuosha malori gereji. Alilia kidogo, nami nikampenda upya, pamoja na hasira yangu.

Picha tulirudi nayo kwenye bahasha kubwa, nikaipakata safari nzima ya basi kama mtoto mchanga. Daktari aliibandika kwenye taa. Ndani ya kichwa cha mume wangu kulikuwa na vifuko vidogo vya mviringo, na kila kimoja kina kidoa cheupe ndani.

“Ni mabuu ya tegu,” daktari alisema, kisha akaacha Kiswahili cha shule akasema kama sisi. “Munyoo ya nguruwe, tata.”

“Mi sikulake nguruwe!”

“Najua. Weye ulikulaka mayai ya munyoo.”

“Ya nguruwe?”

“Hapana. Ya muntu.”

Akatueleza, na alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisimama nikaenda dirishani. Anayekula nguruwe mwenye ugonjwa, nyama ikiwa haikuiva, mnyoo unakua tumboni mwake, mrefu, bapa kama utepe, na anaweza kuishi nao miaka bila maumivu. Mayai yake hutoka na choo. Mtu huyo asiponawa mikono vizuri akitoka msalani, mayai yanakwenda kwenye chakula, na anayeyameza, hata kama hajaona nguruwe maishani, kwake hayawi mnyoo wa tumbo. Yanapenya, yanasafiri na damu, yanajenga vifuko katika misuli, jichoni, ubongoni. Vikiwa ubongoni mtu anaweza kukaa navyo muda mrefu, halafu siku moja anaangusha brashi.

“Sasa,” daktari akauliza, “nani njo anapikaka ku nyumba?”

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama mikono yangu. Kabla ya kile kikao nami nilimpikia, miaka yote, na nguruwe mbichi-mbichi nilikula sahani moja na mama yake. Kumbe wifi angeweza kuwa amesema kweli kwa njia ambayo hata yeye hakuijua: mlango ni mimi. Tulipewa vikopo vya kupimia choo, kila mtu wa nyumbani na chake. Mpaka majibu yalipotoka sikumgusa mtoto bila kunawa, na nikishanawa niliona bado, nikarudi bombani. Ngozi ya vidole ilipasuka. Sindano ilinichoma nikafurahi, angalau kidole kimefanya kazi ambayo haimdhuru mtu.

Majibu yangu yalikuwa safi, ya watoto pia. Nilitoka maabara nikashika ukuta, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata mtoto. Ndipo nikakumbuka kwamba kimebaki kikopo kimoja.

Mama mkwe hakukitaka. Choo cha mtu, alisema, hakipelekwi kwa wageni, maana hujui kitaishia mikononi mwa nani. Mume wangu alipomwuliza taratibu kama amewahi kuona minyoo, alijibu bila haya hata kidogo kwamba vipande vyeupe anaviona tangu kale, kama tambi fupi zilizobanwa, navyo vinatembea.

“Kila muntu iko na nyoka yake mu tumbo,” alisema. “Njo inachungaka muntu. Mama yangu alikuwaka nayo, na mama yake. Ukiua nyoka, na weye unakufa.”

Alisema hivyo huku akikoroga bukari ya mwanawe.

Nilipata kitu cha kumpiga nacho wifi na ukoo wake wote. Nilikuwa nacho mdomoni, kimekamilika. Mume wangu alinivuta nyuma ya nyumba.

“Usiambie mama,” alisema. “Ni ye alinilisha tokea mi mutoto. Akijua, hataishi.”

“Na mi? Mi nirudie Lubudi?”

“Usimuambie.”

Wakamlaza hospitali ili aanze dawa. Daktari alikuwa ametuonya kwamba dawa ya kuua vifuko inaweza kuufanya ubongo uvimbe vinapokufa, ndiyo maana inaanzwa kitandani, pamoja na dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, na ile ya kifafa haiachwi. Tena akanikazia kwamba tutakuwa tunachota maji kwa kikapu kama mayai yataendelea kumfikia. Asile chakula cha mwenye mnyoo mpaka huyo mwenye mnyoo atibiwe. Alinitazama mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa amegeukia ukuta.

Mama mkwe alikuja adhuhuri na sufuria imefungwa kitambaa. Nilisimama mlangoni mwa wodi. Sikuwa nimepanga la kusema, nilikuwa na mwili wangu tu, nikauweka katikati ya mlango.

“Mama, hapana.”

“Unanikataza nilishe mwana yangu?”

“Ndiyo, mama.”

Alipaza sauti. Aliniita mchawi kwa jina lake sasa, mbele ya wagonjwa, wauguzi na muuza maandazi. Alisema nimemfunga mwanawe, nimemtoa kazini, sasa nataka afe njaa. Neno lilikuwa limefika ulimini, neno moja tu, ni wewe, na ningelala kwangu mpaka uzee. Mbele yangu hakukuwa na wa kunizuia. Nyuma yangu mume wangu aliinuka kitandani aniombe ninyamaze, au amwombe yeye, sijui, kwa maana hapo hapo alikakamaa akaanguka.

Mama mkwe alirudi nyuma akajifunika mdomo kwa kitambaa. Muuguzi, mama wa makamo, alipiga magoti, akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa kipande cha pamba. Alikaa naye pale mpaka akatulia, akamwita kwa jina. Kisha alikwenda kunawa kwa sabuni, akarudi mezani kwake, akaendelea na andazi lake alilokuwa ameliacha nusu. Mama mkwe alimtazama akilitafuna lile andazi. Sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo kwa sababu ya andazi.

Halafu akaenda kunishtaki kwa daktari. Aliingia na sufuria yake, mlango ukafungwa. Alipotoka nilijua ameambiwa yote. Alikaa kwenye benchi la nje, sufuria mapajani, mikono juu ya kifuniko, vidole vimekunjwa ndani kama anavificha. Sikujua nikae naye au nikimbie. Nilitembea ukumbi huo kwenda na kurudi mpaka aliponiambia, bila kuniita kwa jina lolote, nimwite daktari.

“Anipe ile dawa,” alisema. “Nyoka ikikufa na mi nikufe, basi.”

Alivitafuna vile vidonge akitazama mbele, kama mtu anayeapa. Chakula kile alikimwaga mwenyewe nyuma ya jengo.

Hakufa. Alikaa chumbani kwake akingoja kufa, na asubuhi iliyofuata alitoka akaulizia chai. Kikopo alikubali baadaye, mara mbili, mpaka daktari akasema tumbo ni safi. 

Habari ya kuanguka kwa mara ya pili ilikuwa imefika Lubumbashi. Wifi alikuja mume wangu akiwa ameshatoka hospitali, mwembamba, kichwa kinauma lakini anatembea. Mimi nilikuwa nimekunja nguo zangu, kwa kuwa mume wangu alikuwa bado hajasema neno, na mimi alikuwa amenikataza kusema langu. Niliwaza watoto. Niliwaza kama cherehani ingeingia kwenye treni. Nilipika, kwa vile mama mkwe tangu hospitali hakuwa ameshika mwiko. Nikatandika mkeka, nikapakua.

Wifi alinawa, akakohoa, akaanza. “Tulisemaka, akianguka tena...”

“Hatakwenda fasi yoyote,” mama mkwe alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mkononi alikuwa na ile sahani ya bluu kutoka juu ya tofali.

“Mama, juu ya nini?”

“Ile kintu ilikuwaka mu tumbo yangu njo iliingiaka mu kichwa yake. Na hii mikono.” Aliinyanyua kidogo, sahani ikiwa bado katika mmoja. “Mi njo nilimulisha.”

Mume wangu alisema, “Mama, acha,” lakini hakumtazama. Mama mkwe akampa mwanawe sahani nyeupe, moja kati ya zetu, akamwonyesha mkekani. Yeye akachota bukari kidogo na majani, akaweka katika ile ya bluu, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, ametupa mgongo. Wifi alibaki na mikono yake mibichi hewani. Kwa mara ya kwanza alinitazama mimi badala ya dari.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Nilidhani nitaonja utamu. Nilichoona ni mgongo wa mwanamke mzee, na tonge analolizungusha vidoleni bila kulitia mdomoni.

Nilimwambia mama mkwe: daktari amesema umepona, mama, sahani haina haja tena. Hakugeuka. Nikasimama, nikaenda bombani, nikanawa. Nikarudi, nikachuchumaa mbele ya kigoda chake, nikapeleka mkono wangu katika sahani ile kumega bukari.

Aliusukuma mkono wangu. Aliutazama, vidole vyote, kucha zote, kwa jicho lile lile la kununua nyama.

“Nawa tena, mama,” alisema.

Nikaenda nikanawa tena.